Maua ya Mama Leena

Jumatatu, 11 Machi

Kama kuna mtu anayenishinda akili kati ya hapa Wembley na kwetu Nakuru, huyo bado hajazaliwa, na mama yake bado hajaolewa. Naandika hivi ili ijulikane. Siku moja watu watataka kujua Tevin alianzaje.

Alianza kwa kufukuzwa kazi. Kule uwanjani, tunapookota vikombe baada ya mechi. Msimamizi alisema naokota kidogo na kuongea sana. Nikamwambia mechi yenyewe ilikuwa mbovu, watu hawakunywa. Akasema nivue jaketi la kazi, niliache pale. Nimerudi nyumbani na shati tu, mvua ikinipiga mgongoni kama deni.

Na hii mvua! Tangu Krismasi sijaona jua la maana. Mbingu ya huku ni kifuniko cha sufuria, na jiko lenyewe limezimwa.

Anti Bridget hakunihurumia. Anti ni dada ya mama, ndiye anayenilaza na kunilisha. Anatunza wazee majumbani mwao, nyumba hadi nyumba, na akirudi jioni subira yote ameiacha kwao. Alisema nimekalia kochi lake mpaka kochi limeanza kufanana nami. Nichague: kozi ya ufundi bomba, au ndege ya kurudi kwa mama. Nikamwuliza kama hakuna la tatu.

Lilikuwepo. Mmoja wa wazee wake, Mzee Praful wa Queensbury, anauza nyumba. Binti yake Leena atakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo, ahamie kwake Leicester. Ijumaa hii wanunuzi wanakuja kuitazama nyumba, kwa hiyo bustani isafishwe. Tena Mzee anataka ua fulani litiwe kwenye chungu na lijulikane jina. La Kiingereza na lile la wataalamu, la Kilatini.

Nikasema, mimi hapa! Anti akauliza tangu lini najua maua. Nikasema tangu utotoni. Kwa kweli najua waridi. Na alizeti, ingawa hiyo ni ya mafuta.

Wambui, binti ya Anti, alichekea puani. Ana miaka kumi na tano, amezaliwa hapa hapa, ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza bila hata kuinua macho kwenye simu. Alisema siku nitakayotofautisha kabichi na letisi, yeye ataacha shule. Nimemsamehe. Ni wivu tu.


Jumanne, 12 Machi

Nimekutana na Mzee Praful. Nyumba inanuka binzari na dawa ya kuchua. Alizaliwa Kisumu, alikuwa na duka la misumari na mabati kule, na Kiswahili chake bado ni cha dukani: kifupi, kitamu, kinakupigia hesabu huku kinakusalimu. Ananiita bwana mdogo. Ana mtoto wa jicho, anaona vivuli. Nyonga ilivunjika mwaka juzi, hawezi kutoka nje bila kushikwa. Anashinda jikoni, kiti kikiwa kimeelekea dirisha la nyuma, akitazama bustani asiyoiona.

Alinieleza habari za mkewe. Hamtaji jina, anasema mama yake Leena. Alifariki kabla ya Diwali. Majivu yake yalipelekwa mtoni, kwa hiyo hakuna kaburi la kwenda kukaa. Kilichobaki ni maua yaliyo kwenye nyasi pale nje. Hakuyapanda yeye. Waliyakuta walipoihamia nyumba, ya manjano, yanakuja kila Machi, na mama akakataza mtu kukata nyasi mpaka yamalizike. Kila Machi alimwuliza mumewe: haya yanaitwaje? Na mumewe alikuwa na mizigo bandarini, alikuwa na simu sikioni, akasema nitamwuliza mtu. Miaka ikaenda. Hakumwuliza mtu.

Alikufa hajui, Mzee akasema. Akakoroga chai isiyo na sukari.

Anataka kwenda nayo Leicester, yakiwa na kibao cha jina. Wajukuu wakimwuliza, asiwe na lile jibu lake la zamani. Halafu akasema, akiwa ameinamia kikombe, kwamba anataka kumwambia jina hilo hata mama yake Leena, huko aliko.

Mimi nilitazama dirishani. Mvua. Na pale kwenye wigo wa mbao, wazi kabisa, maua ya manjano marefu yenye midomo kama tarumbeta. Nikayajua papo hapo. Nikamwambia Mzee hilo ni jambo dogo, asilale na njaa kwa ajili yake.

Akasema leo siwezi kuyaona, yamelala. Anga likifunga, nayo yanafunga. Mama yake Leena alikuwa akimtania kwamba yana akili kumshinda yeye, hayatoki kwenye mvua.

Nikaitikia kwa heshima. Mzee akianza kusema maua yamelala, unaitikia tu. Mimi nilikuwa nayaona kwa macho yangu mawili, yamekodoa mvuani.


Jumatano, 13 Machi

Kazi ya jina imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Nilipiga picha maua ya kwenye wigo, simu ikanitajia: daffodil. Kilatini, Narcissus pseudonarcissus. Nikajaribu kulitamka, ulimi ukajifunga fundo.

Ilibidi nimwombe Wambui msaada. Alifanya mradi wa maua ya porini shuleni, akapata alama za juu, na hajatupumzisha tangu siku hiyo. Akataka nimwoshee vyombo kwanza. Nikakataa katakata. Nikaviosha.

Kumbe ni rahisi. Jina la Kilatini ni mawili: la ukoo linatangulia, halafu lake mwenyewe, vile chifu anavyosoma majina barazani. Majina ya Kiingereza ndiyo fujo. Ua moja kila wilaya inaliita lake, na jina moja wanapewa maua mawili yasiyojuana. Nikamwambia hilo nalijua, ni kama Mjomba Leonard. Kanisani ni Leonard, sokoni ni Kamba Mbili, benki ana la tatu, na polisi wana la kwao. Kilatini ndicho kitambulisho. Wambui alisema hajawahi kusikia likielezwa vibaya namna hiyo. Lakini hakusema ni uongo!

Kibao nimekichonga kutoka kreti la machungwa. Nimeandika kwa kalamu nene, Kiingereza juu, Kilatini katikati. Chini nimeongeza la Kiswahili, la kwangu mwenyewe: Tarumbeta la Machi. Wambui akasema mtu hajitungii tu jina. Nikamwuliza na hao wengine waliyatoa wapi, dukani? Akarudi kwenye simu yake.

Tevin moja, shule sifuri.


Alhamisi, 14 Machi

Leo Queensbury imeona kazi.

Kwetu wageni wakija, uwanja unafyekwa, unapaliwa, unafagiliwa mpaka udongo unang'aa na mistari ya fagio inaonekana. Mgeni akikuta jani moja limesimama, mama wa nyumba hawezi kuinua uso. Hapa watu wanaacha nyasi zinaota nyuma ya nyumba kama nyumba ya marehemu. Halafu wanashangaa nyumba haiuziki.

Panga Anti alinikataza hata kulitaja, alisema huku London ukionekana nalo barabarani utalala kituoni. Lakini kwenye banda la Mzee nilikuta jembe. Jembe halisi, la mpini! Nikalishika, nikasikia damu ya ukoo imeamka.

Nyasi zenyewe hazikuwa nyasi. Kulikuwa na zulia la kwekwe, majani madogo yenye umbo la moyo, yanateleza na kung'aa kama yamepakwa mafuta, na vichwa vya kijani vimejikunja katikati. Yamejazana, hayana adabu. Nimeyapalilia yote. Nimeyang'oa, nimeyazoa na reki, nimeyajaza kwenye pipa la majani la kaunsili mpaka likakataa kufunga. Kisha nikafagia. Mistari imenyooka kutoka mlangoni hadi bandani. Tarumbeta za wigoni nimeziacha zimesimama peke yake kama askari wa gwaride.

Jirani aliinua kichwa juu ya wigo, akatazama, akarudi ndani. Amekosa la kusema.

Mzee aliuliza kutoka jikoni kama nimeyakwepa maua ya mama yake Leena. Nikamwambia hata sikuyapumulia. Na ni kweli, nilikuwa mbali na wigo.

Mgongo umekufa. Mvua bado.


Ijumaa, 15 Machi

Watu wa huku hawajui usafi.

Dalali wa nyumba, jamaa mmoja anaitwa Alkesh, viatu vimechongoka kama penseli, alifungua mlango wa nyuma akiwa anawaambia wanunuzi kuhusu bustani ya kijani. Akaona. Akafunga mlango. Akaufungua tena polepole. Wanunuzi wakauliza kama kuna bomba la maji taka limepasuka chini. Mwingine akauliza, kwa sauti ya msibani, kama kuna mtu amezikwa pale hivi karibuni.

Niliwaonyesha mistari ya fagio. Hawakuthamini.

Anti alipigiwa simu akiwa kwa mgonjwa mwingine. Maneno aliyoniambia siyaandiki, ni mwanamke wa kwaya. Kwa ufupi alisema alinituma kusafisha, hakunituma kuchuna nchi ya watu ngozi. Nikamwambia angekuwa bibi yetu angelia kwa furaha. Akasema bibi yetu alikuwa na mbuzi wa kula nyasi, na alikuwa na akili.

Gari la kaunsili limepita asubuhi, limebeba majani yote. Angalau wao hawakulalamika.


Jumamosi, 16 Machi

Jua!

Nilifikiri taa ya jirani imewashwa. Jua kamili, mbingu nyeupe kwanza kisha bluu, watu wa Wembley wanatembea wamevua makoti na kutabasamu kama wamesamehewa kesi. Anti akasema twende wote kwa Mzee, leo atataka kutolewa nje.

Alikuwa ameshavaa koti na kofia. Ameketi tayari tangu alfajiri, alisema mwenyewe. Jua likifika kwenye ngazi ya nyuma, maua yanaamka.

Tukamshika, Anti kulia, mimi kushoto. Ni mwepesi kama koti lake. Nikamkalisha mlangoni, nikamletea chungu nilichokitayarisha, tarumbeta zimesimama vizuri, kibao mbele. Nikamsomea kwa sauti ya mtangazaji: daffodil, Narcissus pseudonarcissus, Tarumbeta la Machi!

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Ana heshima sana. Akasema hayo ya wigoni ni yeye aliyemnunulia mkewe, sokoni, mwaka mmoja aliposahau sikukuu yao. Mama yake Leena hakuyapenda. Alisema yanapiga kelele. Akaniuliza, sasa yale yake yako wapi? Yale madogo ya kwenye nyasi. Yenye majani kama moyo.

Niliutazama uwanja. Udongo mtupu, mistari ya fagio imekaushwa na jua.

Mzee alikuwa anakodolea ile rangi ya udongo, anapepesa, anapanga vivuli. Anti alinitazama mimi. Nikafungua mdomo, na kitu kilichotoka ni hiki: bado yamelala, Mzee.

Akasema lakini jua liko usoni mwake. Nikasema jua la London ni la kujaribia tu, maua yanalijua. Akasema, ahaa. Akakaa pale mpaka jua likahama.

Kwenye treni Anti alikaa kiti cha mbali nami. Vituo vyote.


Jumapili, 17 Machi

Baada ya kanisa nilimtega Wambui kimya kimya. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana tatizo. Majani kama moyo, yanateleza, maua ya manjano yanayojifunga mvua ikija.

Hakuchukua hata dakika. Akanionyesha picha, na picha ilikuwa ile ile kwekwe, ila imefunguka. Vijua vidogo, mamia, vinang'aa kama vimepigwa rangi ya kucha. Kiingereza ni lesser celandine. Kilatini, Ficaria verna. Alisema hilo la kwanza ni kwa sababu ya mizizi yake, vijiviazi vilivyovimba kama tini, na la pili maana yake ni ya masika. Akaongeza kwamba waganga wa zamani wa hapa waliliita jina la bawasili, kwa sababu walidhani vijiviazi vile vinafanana nayo, kwa hiyo vinaiponya. Na vitabu vya nyuma kidogo vinaliita Ranunculus ficaria.

Nikashtuka. Yaani hata Kilatini kinabadilisha jina? Kitambulisho cha serikali? Akasema wataalamu waligundua ukoo wake si ule. Nikasema basi Mjomba Leonard hana kosa lolote.

Kisha akanitazama sana. Akasema huyo rafiki yangu anaitwa Tevin, na ameyang'oa ya Mzee Praful, mama yake amemweleza kila kitu.

Alisema bado kuna njia. Vile vijiviazi having'oki vyote, vinabaki udongoni. Nichekeche udongo, nivitie kwenye chungu, mwakani vitachipua. Lakini nimwambie Mzee ukweli, kwa sababu atakabidhiwa chungu cha udongo mtupu na lazima ajue kwa nini. Tena hata nisingeyagusa, alisema, majani yote hukauka kufikia Mei. Ndivyo yalivyo, miezi mingi kwa mwaka yanakaa chini tu. Mzee anajua hayo kunishinda.

Eti mimi, nimwendee mzee wa watu na kopo la tope, niombe msamaha kwa maelekezo ya mtoto wa sekondari? Nina njia iliyo bora zaidi. Nimeagiza celandine kwa simu. Wanaleta mlangoni.


Jumanne, 19 Machi

Mawingu yamerudi. Nimefurahi, nikiri tu. Mawingu yananitetea.

Anti anasema Mzee hali vizuri. Uji anaonja, chapati anaiweka kando. Kila asubuhi akifunguliwa pazia anauliza neno moja: yameamka? Anti hamjibu. Alisema jibu ni langu, na nina hadi Jumamosi kulipeleka, na nisipolipeleka kozi ya bomba nitaiona ni peponi.

Nilimwambia mzigo uko njiani. Akauliza mzigo gani. Nikajifanya nakohoa.


Jumatano, 20 Machi

Kifurushi kimefika.

Nimeutoa mmea nikaona si mmea wa mama wa mtu. Shina refu lenye vinyweleo, majani yamekatikakatika kama yaliliwa na mbuzi asiyemaliza. Moyo hakuna. Nikasema labda umechoka na safari. Kwenye karatasi yake imeandikwa greater celandine, Chelidonium majus.

Wambui alicheka mpaka akalala kwenye zulia. Alipopata pumzi akasema nilipewa somo lote nikiwa nimeshika vyombo vya kuosha. Kiingereza kinawaita wawili hawa kama ndugu, mkubwa na mdogo, lakini si ndugu, hata ujirani hawana. Ningesoma Kilatini ningeona majina ya ukoo ni mbalimbali. Kisha akaacha kucheka, akasema, Tevin, it's Wednesday.

Hajawahi kuniita jina langu bila tusi mbele yake. Sikupenda.

Nimekata mashina yawe mafupi, yafanane na kitu kidogo. Yakatoa maji ya rangi ya machungwa. Vidole vyote vimepata rangi, sabuni haitoi, siki haitoi, na vinawasha. Anti ameviona mezani. Hajauliza.

Mzee anaona vivuli. Kijani ni kijani. Nimechonga kibao kipya, safi, hakuna Tarumbeta, hakuna utani: Lesser celandine. Ficaria verna. Jina ni la kweli kabisa. Kwa hiyo nusu ya kazi nimeifanya vizuri, na kuna watu wamepewa vyeti kwa chini ya hapo.


Ijumaa, 22 Machi

Wambui amenizunguka!

Alipotoka shule alikwenda Queensbury na mama yake. Mama yake akamwogesha Mzee, yeye akapiga magoti kwenye ule udongo wangu, kwenye manyunyu, na kichujio cha chai. Kichujio chetu cha chai! Asubuhi nilipata majani ya chai kwenye meno sikujua kwa nini. Kumbe alikuwa ameshakificha kwenye mkoba.

Amekuja na kopo la mtindi. Ndani kuna udongo na vipunje vyeupe vimerundikana, kama ngano iliyonenepa. Akasema ni yeye amevikusanya lakini ni mimi nitakayempa, na nitamwambia ukweli: yamekatwa, lakini yako hai huko chini, yatatoka mwakani. Alisema Mzee hatakasirika. Alichokuwa akitaka ni mama yake Leena na jina, na vyote viwili viko kwenye kopo.

Nikamwuliza kwa nini asimpe yeye mwenyewe, apate sifa. Akasema si yeye aliyemwambia yamelala.

Nimeliweka kopo kwenye mfuko wa koti. Nitaona kesho. Vipunje vyenyewe havina sura. Mtu amengoja hivi, halafu umkabidhi kopo lenye picha ya stroberi?


Jumamosi, 23 Machi

Ameondoka.

Manyunyu tangu asubuhi. Leena alikuja na gari la mumewe, mama mpole, macho yamevimba, anabeba masanduku kuliko mimi. Nyumba imebaki na alama za picha ukutani. Mzee alikalishwa kwenye kiti sebuleni mbele ya mlango, koti, kofia, fimbo, kama mtu anayengojea kuitwa na daktari.

Nilimpa chungu changu. Majani ya kijani, kibao mbele. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniomba tena. Alilirudia kama mtoto wa nasari, silabi kwa silabi, mpaka likakaa: Ficaria verna. Nikamweleza maana yake, tini, masika. Akatabasamu. Kisha akasema kitu kwa Kigujarati, kirefu kidogo, na hakuwa anasema nami. Jina lile la Kilatini nililisikia katikati.

Anti alikwenda jikoni kwa haraka, eti kuzima jiko ambalo lilishatolewa.

Mzee aligusa majani. Akasema asante, bwana mdogo. Gari likaondoka, taa nyekundu, kona, basi.

Tulipofunga mlango nilikuta chungu kwenye ngazi ya mbele, kimesogezwa pembeni vizuri, mtu asijikwae. Kibao hakikuwepo. Amekichomoa, amekwenda nacho.

Uzee huo. Anabeba kibao, anasahau ua.


Jumatatu, 25 Machi

Habari njema tupu.

Leena amempigia Anti. Mzee amekula. Kibao amekiweka dirishani Leicester, na kila mjukuu anayepita lazima alisome na kulitamka. Amewaambia ua lenyewe liko chini, linapumzika. Anti aliposikia hivyo alinigeukia, akaniambia kumbe nilimwambia Mzee ukweli, kumbe nina moyo. Akanipakulia nyama mara mbili. Kozi ya bomba haijatajwa.

Wambui naye akauliza Mzee alisemaje nilipompa kopo. Nikasema alilia kwa furaha, akaniita mwanangu. Wambui akageuza uso, akapangusa macho kwa mkono wa sweta. Wasichana!

Sasa nina mpango mkubwa. Queensbury yote, Kingsbury yote, imejaa wazee wenye bustani na maua wasiyoyajua. Tevin, mtaalamu wa majina. Kiingereza, Kilatini, na la Kiswahili bure. Vibao nitachonga mwenyewe, makreti yapo. Na kile chungu nimekirudisha nyumbani, kinakua vizuri. Kuna bibi mmoja kanisani, Mama Blandina, anatafuta kitu cha masika. Nikikiwekea kibao cha Ficaria verna, nani atabisha? Kilatini nimeshakisoma. Vidole vimebaki na rangi kidogo tu.

Haya. Jambo moja sikuliandika Jumamosi.

Mzee alipoyagusa yale majani, vidole vyake vilisimama. Alipapasa ukingo wa jani moja, polepole, akalirudia. Akauliza, bwana mdogo, ndiyo haya? Nikasema ndiyo. Akangoja, uso wake umenielekea mimi, si chungu, kama mtu aliyeshikilia mlango ili mwenzake apite. Akauliza mara ya pili, kwa upole zaidi. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kopo.

Nikasema ndiyo.